Sindano za Saa Nane

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Chumba cha mbele walilala mtu na mkewe. Chumba cha nyuma walikiita chumba cha mashine, ingawa kwa miezi saba hakuna aliyeigusa mashine yenyewe. Ilikaa juu ya meza ndefu karibu na ukuta, imefunikwa shuka nyeupe toka mwanzo hadi mwisho. Mgeni akichungulia ghafla, angedhani kuna mgonjwa amelala pale.

Mume alikuwa fundi mwashi. Kila asubuhi alitoka na ndoo yake ya vifaa: mwiko, kamba, timazi na pima maji. Mke alibaki nyumbani. Watu walimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wa mama yake. Hata mumewe alimwita hivyo.

Mashine ilikuwa ya mama yake Kitinda. Aliitumia miaka ishirini na tisa, mpaka wiki aliyofariki. Siku ya kugawana vitu, kaka zake walichukua makochi, kabati na kitanda. Wakamuuliza Kitinda anataka nini.

"Mashine ya kufuma," alisema.

Hakuna aliyebishana naye. Ilikuwa nzito, na pale hapakuwa na mwingine aliyejua kuitumia.

Kitinda alijifunza kufuma tangu akiwa msichana, amesimama kwenye kiti pembeni mwa mama. Alijua kila sehemu. Alijua kitanda cha chuma, ambamo sindano mia mbili zimelala safu moja kama meno ya kitana. Alijua ndoano iliyo kwenye ncha ya kila sindano. Alijua kigari, kile chombo kinachosukumwa kwa mkono kwenda na kurudi juu ya sindano. Kigari kikipita, sindano hutoka mbele, hukamata uzi, hurudi. Krrr kwenda, krrr kurudi. Sauti hiyo ndiyo iliyomlaza utotoni.

Lakini tangu mama afariki hakuwa na moyo wa kuiondoa ile shuka. Mpaka siku mwalimu mkuu wa shule ya jirani alipobisha hodi.

"Nimeambiwa wewe ni binti wa yule mama mfumaji," mwalimu alisema. "Nahitaji masweta ishirini ya kijani kibichi. Shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Utaweza?"

Kitinda aliitazama shuka nyeupe kupitia mlango uliokuwa wazi nusu.

"Nitaweza," alijibu.

Kesho yake asubuhi alipiga moyo konde, akaifunua mashine. Vumbi liliruka. Akafunga uzi, akatundika vizito chini ya kazi ili kuivuta, akaanza. Mwanzoni mambo yalikwenda. Kisha kigari kikawa kizito mkononi, kama kinapita kwenye ugali. Katikati ya kazi, vitanzi vya uzi vikaanza kudondoka. Kimoja, viwili, vitano. Kitanzi kimoja kikidondoka kwenye kazi ya kufuma, kile cha chini yake nacho huachia, na cha chini zaidi pia. Kilichobaki ni mwanya mrefu kama ngazi.

Kitinda alishusha pumzi. Akaitoa ile kazi kwenye mashine. Akazirudisha sindano zote mia mbili nyuma, safu moja, sawasawa. Kisha akatoka kwenda kuanua nguo. Ilikuwa saa nane mchana. Jua lilikuwa kali, na mtaa mzima ulikuwa umepoa kama watu wote wamehama.

Aliporudi na beseni la nguo, alisimama mlangoni.

Sindano za katikati zilikuwa zimetoka mbele. Si zote. Za pembeni zilikuwa zimelala kama alivyoziacha. Zilizotoka ni za katikati tu, zimejipanga kama vidole vya mtu anayengoja kupewa kitu.

Kitinda aliangalia dirisha. Lilikuwa limefungwa. Akaangalia nyuma ya mlango. Hakukuwa na mtu.

Jioni alimuuliza mumewe, "Leo ulipita nyumbani mchana?"

"Nilikuwa juu ya jukwaa siku nzima," mume alijibu, akinawa mikono. "Kwani vipi?"

"Basi. Nimeuliza tu."

Siku ya pili alizirudisha sindano nyuma, akafunga chumba kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Alikaa kibarazani akichambua mboga. Hakuna aliyepita karibu na mlango ule. Saa tisa alifungua. Sindano zilikuwa zimetoka. Zile zile.

Siku ya tatu hakutoka. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya mashine, mikono mapajani. Saa nane ilipofika, jasho lilimtoka ingawa chumba kilikuwa na kivuli. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha akasikia.

Tik.

Sindano moja ya katikati ilisogea. Si kwa haraka. Ilisogea kama inayosukumwa na mtu asiye na papara. Ikasimama. Halafu ya jirani yake ikasogea. Tik. Halafu nyingine, upande wa pili. Kitinda alikuwa peke yake, na mashine ilikuwa inahesabu.

Zilipoacha kusogea, alizihesabu na yeye. Kulikuwa na thelathini kushoto kwa alama ya katikati, na thelathini kulia.

Ndipo aliposikia maneno ya mama yake kichwani, waziwazi kama yanasemwa nyuma ya sikio lake: "Thelathini huku, thelathini huku, Kitinda. Hicho ni kifua cha mtoto mchanga."

Maana mama yake hakuwa akifuma masweta ya shule. Kwa miaka ishirini na tisa alifuma nguo za watoto wachanga, karibu hizo tu. Wazazi wa mtaa mzima walikuwa wateja wake.

Na kulikuwa na jambo ambalo Kitinda hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mwaka uliopita alikuwa na mimba nyingine, ikatoka mwezi wa nne. Safari hii aliapa kufunga mdomo mpaka mwezi wa nne upite. Hakumwambia mume. Hakumwambia rafiki. Sasa mashine ya marehemu ilikuwa inatoa sindano za mtoto mchanga kila siku saa nane.

Aliondoka chumbani kinyumenyume. Hakutaka kuipa mgongo.

* * *

Alhamisi alikuja wifi yake, dada mkubwa wa mume. Wifi alikuwa mtu wa maneno.

"Wifi, mimi sina la kusema," alianza hata kabla hajakaa. "Lakini nitasema. Umekonda. Macho yamezama. Unaumwa?"

"Kazi tu, wifi. Mashine inanisumbua."

"Inakusumbuaje?"

Kitinda alijaribu kuficha, lakini saa nane ilimuumbua. Walikuwa wamekaa na vikombe vya chai wakati ile sauti ilipoanza chumbani. Tik. Tik. Wifi aliinuka na kikombe chake mkononi, akaenda kuchungulia. Alisimama pale muda mrefu. Aliporudi, chai ilikuwa inamwagika kwenye kisahani na hana habari.

"Huyo anafuma," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Unamjua ni nani. Mimi nakuuliza jambo moja tu. Anamfumia nani?"

Wifi alimtazama usoni, kisha tumboni, kisha usoni tena.

"Kitu kilichozoea mkono wa mtu hakiachi kumtafuta," wifi alisema. "Na kikimkosa yeye, kitatafuta mwingine. Kitoeni humu."

Jioni hiyo wifi alimngoja mdogo wake mpaka akarudi. Mume alisikiliza bila kukatiza. Hakuwa mtu wa kuamini mambo kama hayo, lakini alikuwa mtu wa kuchoka, na alimpenda mkewe.

"Ijumaa ya wiki ijayo mnunuzi wa vyuma chakavu atapita na mkokoteni wake," alisema. "Nitampa. Tumalize."

"Na mwalimu nitamwambia nini?" Kitinda aliuliza.

"Mwambie imeharibika. Si imeharibika kweli?"

Hilo Kitinda hakuweza kulikataa. Hata hivyo aliona uchungu. Alikuwa na wiki moja. Akaamua kufuma asubuhi tu, na ifikapo saa saba awe ameshaondoka chumbani.

Alifuma kwa hofu, na hofu ilimfanya akosee. Kigari kilipozidi kuwa kizito, alikwenda jikoni akaleta mafuta ya kupikia. Akayamimina kwenye sindano. Kwa nusu saa kigari kiliteleza vizuri. Kesho yake mafuta yalikuwa yameganda na vumbi, yamekuwa kama gundi. Kigari kilikwama katikati ya njia. Akakisukuma kwa nguvu zake zote. Kitu kikalia kwa ndani, na sindano mbili zikapinda.

Alimaliza masweta matatu kwa wiki nzima. Aliyatandaza kitandani akayatazama. Yote matatu yalikuwa na ngazi iliyoshuka kifuani, mahali pale pale, kama yamechanwa na kucha moja.

* * *

Mtaa wa pili aliishi mama mmoja mtu mzima aliyefanya kazi kiwanda cha masweta tangu ujana wake mpaka kilipofungwa. Kelele za kiwanda zilikuwa zimekula masikio yake. Aliongea kwa sauti ya juu kidogo, na alielewa watu kwa kuwatazama midomo. Huko kiwandani walimpa jina la Bibi Kiganja. Alipokosa masikio, alijifunza kuijua mashine kwa kuiwekea kiganja.

Alhamisi iliyofuata Kitinda alimpelekea sweta moja. Hakukusudia kusema habari za sindano. Alitaka tu kujua kama ile ngazi inaweza kuzibwa.

Bibi Kiganja hakulitazama sweta. Alilipitisha vidoleni, macho yake dirishani.

"Pembeni kazi ni nzuri," alisema. "Mkono wako ni mzuri. Katikati mashine haishiki sindano. Na hii harufu, umetia mafuta ya kupikia?"

Kitinda aliona aibu. "Ndiyo, bibi."

"Sema ukiniangalia, mwanangu."

"Ndiyo. Nimetia."

"Kuna nini kingine? Sweta moja halimtoi mtu machozi."

Kitinda hakujua kuwa analia. Basi akasema. Alieleza kuhusu saa nane, kufuli, ile sauti, na thelathini huku na thelathini huku. Alisema yote isipokuwa habari ya tumbo lake. Alingoja kuchekwa. Bibi Kiganja hakucheka.

"Kila siku ni saa nane?"

"Kila siku. Isipokuwa Jumapili."

Yule mama alinyanyua macho. "Jumapili haifanyi?"

"Sijaisikia Jumapili."

"Kesho nitakuja saa nane kasorobo," alisema Bibi Kiganja. "Usiiguse mpaka nije."

* * *

Ijumaa alikuja na mfuko wa kitambaa begani. Walikaa vigoda viwili mbele ya mashine. Sindano zote zilikuwa zimelala nyuma. Kitinda alisikia moyo wake ukipiga. Mwenzake alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza, macho kafumba, kama anayesikiliza mgonjwa.

Tik.

Kitinda alishtuka. Bibi Kiganja hakusikia ile sauti, lakini alifumbua macho wakati ule ule.

"Imeanza," alisema.

"Ndiyo. Sindano ya kwanza imetoka."

"Sisemi sindano. Nasema meza. Meza inatetemeka." Aliinuka, akaweka kiganja ukutani. Akainama, akakiweka sakafuni. "Na ukuta. Na sakafu. Kuna nini nyuma ya ukuta huu?"

"Uchochoro. Halafu kiwanda kidogo cha kusaga chakula cha kuku."

"Kimeanza lini?"

Kitinda alifikiri. "Kama miezi minne."

"Na wanawasha mashine saa ngapi?"

Kitinda alitega sikio. Ndipo aliposikia, mbali, chini kabisa, mngurumo ambao ulikuwepo siku zote. Aliuzoea kiasi kwamba hakuwa akiusikia tena. Uwanja wa kiwanda kile ulijaa magunia asubuhi. Mashine kubwa iliwashwa mchana. Jumapili hawakufanya kazi.

"Saa nane," alisema taratibu.

"Haya. Nipe hilo donge la uzi." Bibi Kiganja aliliweka mezani. Uzi ulibingirika wenyewe, ukaja mpaka ukingoni, ukamwangukia Kitinda mapajani. "Meza yako imelala kuelekea kwako. Nani ameweka matofali chini ya miguu ya nyuma?"

"Mume wangu. Maji yalikuwa yanapita chini ya ukuta wakati wa mvua."

"Ameinua miguu ya nyuma akaisahau ya mbele. Mume wako anafanya kazi gani?"

"Fundi mwashi."

Bibi Kiganja alimtazama mdomo kwa makini, kuhakikisha hajakosea kusoma. "Mwashi," alirudia, na akaliacha jambo hilo hapo.

Sindano ziliendelea kutoka, moja baada ya nyingine. Kitinda alikuwa bado hajatulia.

"Sawa, bibi. Meza imelala, na ukuta unatetemeka. Lakini kwa nini za katikati tu? Kwa nini sitini?"

"Hilo ndilo swali," alisema mama yule. "Leta kitambaa kikavu na taa ya mkono."

Alishika ncha ya ufito mwembamba wa chuma uliopita juu ya sindano zote, ndani ya kitanda cha mashine. Akausukuma kutoka upande mmoja na kuuvuta upande wa pili. Ulitoka polepole, mrefu kuliko mkono wa mtu. Akaugeuza, akaulaza mezani.

Chini ya ufito kulikuwa na utepe wa sponji, mweusi kwa mafuta ya miaka.

"Watu wengi wana mashine na hawajui kuwa kitu hiki kimo ndani," alisema. "Sponji hii ndiyo inayozikandamiza sindano zisichezecheze. Ikiwa nzima, sindano hukaa pale ulipoiacha. Ikichakaa, sindano hulegea. Ikilegea, ndoano haikamati uzi vizuri, kitanzi hudondoka. Na meza ikiwa imelala, sindano huteleza yenyewe. Sasa gusa. Anzia pembeni."

Kitinda aligusa pembeni. Sponji ilikuwa nene, ilibonyea na kurudi. Alisogeza kidole kuelekea katikati. Ghafla ikaisha. Palikuwa na utando mkavu tu, mwembamba kama karatasi, uliobandukana na kuwa unga. Alisogeza kidole tena. Upande wa pili sponji ikaanza upya, nene kama mwanzo.

"Mama yako alikuwa anafuma nini?" Bibi Kiganja aliuliza.

"Nguo za watoto wachanga."

"Sindano ngapi?"

Kitinda alirudisha kidole katikati. "Thelathini huku, thelathini huku."

"Basi umeona. Sindano nyingine hazikufanya kazi. Hizi sitini zilikwenda na kurudi miaka ishirini na tisa chini ya mkono wake. Amekaa hapa mama yako, mpaka sponji ikaisha."

Kitinda aliacha kidole chake pale palipochakaa. Hofu ilimtoka, lakini kilichokuja badala yake hakikuwa furaha. Siku zote hizi aliogopa kuwa mama yake anakuja. Sasa alijua haji. Hakujua ni kipi kinauma zaidi.

Bibi Kiganja alikuwa amegeuka, anatoa vitu kwenye mfuko wake. Kitinda aliutazama mgongo wake.

"Nina mimba, bibi," alisema. "Nilidhani anamtaka mtoto."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Bibi Kiganja aliendelea kupekua mfuko. Hakusikia kitu. Lakini mlangoni kitu cha bati kiligonga sakafu.

Mume alikuwa amesimama pale, na ndoo ya vifaa miguuni pake. Alirudi mapema kwa ajili ya mtu wa vyuma chakavu.

"Umesema nini?"

Kitinda alifikiri kukataa. Alichoka kukataa. "Miezi mitatu na wiki mbili," alisema.

Mume alikaa kwenye kizingiti.

"Na siku zote hizi ulikuwa unaogopa peke yako," alisema.

"Nilitaka mwezi wa nne upite kwanza."

"Ungepita tukiwa wawili."

Bibi Kiganja aligeuka, akaziona nyuso zao. "Mnasema nini nyinyi? Semeni mkiniangalia."

Kitinda alimwambia. Mama yule alimsoma midomo.

"Umekwenda kliniki?"

"Bado."

"Jumatatu uende. Waambie na ile iliyotoka mwaka jana, usifiche. Mashine naijua kwa kiganja, lakini tumbo lina mafundi wake. Sasa njooni, wote wawili. Hii kazi si ya mtu mmoja."

* * *

Nje mtu alipiga filimbi. Mkokoteni wa vyuma chakavu ulikuwa umefika. Mume alitoka, akampa mnunuzi toroli bovu badala ya mashine, akarudi ndani. Bibi Kiganja alikuwa ameshakunja mikono ya gauni.

Walitoa sindano moja moja na kuzilaza kwenye kitambaa. Akawafundisha kuziosha kwa spiriti ili yale mafuta ya kupikia yatoke.

"Mafuta ya kupikia yanaganda," alisema. "Mashine inataka mafuta mepesi ya cherehani. Na si kumimina. Tia tone kwenye kitambaa, pangusa reli kigari kinapopita, pangusa na visigino vya sindano, hivi vinundu vinavyosukumwa na kigari. Ukiona mafuta kwa macho, yamezidi."

Alichagua zile sindano mbili zilizopinda, akaziweka kando. "Kamwe usiinyooshe ukairudisha katikati. Itapinda tena. Chukua nzima kutoka mwisho wa kitanda, kule usikokutumia, uilete hapa. Mpaka upate mpya."

"Na kigari kikikwama?" Kitinda aliuliza.

"Acha. Ondoa mkono. Tazama nini kimekikamata, ukitoe. Anayesukuma kwa nguvu anavunja."

Mume alikwangua sponji ya zamani kwenye ufito, akasafisha gundi. Alikuwa na wazo. "Kuna kipande cha sponji ya godoro hapo nje," alisema.

"Hiyo laini. Wiki moja itakuwa imelala. Nimeleta ile ya kuzibia milango. Ni ngumu kidogo, na ina gundi yake." Aliibandika, akaikata kwa kipimo. Wakaurudisha ufito mahali pake, sponji ikitazama chini, Kitinda akizibonyeza sindano kwa kidole ufito ulipokuwa unapita juu yake.

"Sasa ipime," Bibi Kiganja alisema. "Sukuma sindano mbele kidogo, iachie. Ikibaki palepale na unahisi ukinzani, ni nzima. Ikicheza juu na chini, sponji imekwisha. Fanya hivyo kila mwezi. Ukifuma kila siku, sponji haimalizi mwaka mzima bila kuchoka. Mama yako aliivumilia sana. Aliizoea, akawa anaifidia kwa mkono. Wewe usiige hilo."

Mume alitoa yale matofali ya nyuma. Akatafuta manne yanayolingana, moja kwa kila mguu. Kisha, bila kumtazama mtu, akachukua pima maji kwenye ndoo yake na kuiweka juu ya meza. Povu lilisimama katikati. Bibi Kiganja alitazama lile povu, akatazama pembeni, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko kisichotoka.

Jioni hiyo mume alikwenda kuwauliza wenye kiwanda cha nyuma kama wanaweza kuweka mpira chini ya mashine yao. Walikubali baada ya siku tatu, na mtetemo ukapungua.

* * *

Jumatatu Kitinda na mumewe walikwenda kliniki. Muuguzi alimpima, akamwandikia vidonge vya kuongeza damu, akampangia tarehe ya kurudi. Kuanzia siku hiyo Kitinda alilala usingizi.

Masweta matatu ya kwanza aliyafumua, akaukunja uzi upya. Kazi ilikwenda. Kigari kilipita kwa mkono mmoja. Kila alipomaliza alipangusa vumbi la sufu kwa brashi laini, kisha akafunika mashine. Ile shuka nyeupe aliifua na kuitandika kitandani. Mashine aliishonea kifuniko cha maua.

Saa nane ya siku moja aliacha kazi, akakaa tu. Mngurumo ulikuwepo, mbali. Sindano zilikuwa zimelala kimya, mia mbili, safu moja. Alingoja mpaka saa tisa. Hapakuwa na kitu. Alilia kidogo, kama mtu anayeagana, halafu akanawa uso na kurudi kazini.

Wifi alikuja, akasimama mlangoni akanyoosha shingo.

"Mimi sina la kusema," alisema. "Lakini imeacha kweli?"

"Ingia uisukume mwenyewe, wifi."

Wifi aliingia. Aliigusa sindano kwa kidole kimoja, akakirudisha haraka, kama anayejaribu pasi ya moto. Akaigusa tena. Wiki iliyofuata alikuja kuuliza kama anaweza kufundishwa kufuma kofia.

Mwalimu alichukua masweta ishirini siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Alilivuta moja huku na huku dirishani penye mwanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Asubuhi ya tatu ya muhula, Kitinda alikuwa kibarazani anafagia. Watoto walipita kwenda shule, wengine wanakimbia, wengine wanaburuta miguu. Alijikuta anawatazama vifuani, mmoja mmoja. Kijani kibichi, kizima, hakuna uzi ulioachia. Mwezi wa nne ulikuwa umekwisha juzi. Alikuwa amesimama hivyo, ufagio mkononi, wakati mtoto alipocheza tumboni kwa mara ya kwanza. Hakumwita mtu. Aliweka kiganja juu ya tumbo, akabaki pale mpaka mwanafunzi wa mwisho alipokata kona.